Baridi ya Juni na Kivuli cha Fimbo

Mwezi wa Juni ukiwa Mpepai, wilayani Mbinga, hutoki nje alfajiri bila koti. Mimi niliishia jikoni kwa wenyeji wangu, nikiota moto. Binti wa nyumba hiyo, wa darasa la saba, akanionyesha daftari lake. Swali lilikuwa: kwa nini Juni kuna baridi? Alikuwa amejibu, "Kwa sababu dunia iko mbali na jua." Pembeni palikuwa na vema nyekundu.

Jibu lile si la kijinga. Mapema Julai dunia kweli huwa mbali zaidi na jua, kilometa milioni 152 hivi. Mapema Januari hubaki milioni 147. Mwalimu akichungulia dirishani akaona ukungu juu ya mibuni, atakosaje kuamini? Lakini angekuwa anafundisha London, wanafunzi wangemsuta, maana huko baridi kali ni ya Januari, dunia ikiwa karibu. Umbali ni mmoja kwa wote. Isitoshe, hubadilisha nguvu ya jua kwa asilimia 7 tu hivi.

Kinachogeuza majira ni mwinamo. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23 na nusu, na huelekea upande ule ule mwaka mzima dunia inapolizunguka jua. Juni, nusu ya kaskazini huwa imeliinamia jua, na sisi wa kusini mwa ikweta tumelikwepa. Desemba mambo hugeuka.

Chukua tochi usiku, mulika sakafu kwa wima: utapata duara dogo lenye mwanga mkali. Ilaze kidogo. Duara hurefuka na mwanga hufifia, ingawa betri ni zile zile. Mbinga iko nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni jua la adhuhuri huwa nyuzi 34 na nusu kaskazini ya utosi, kwa hiyo mwanga ambao ungeangukia mita 100 za mraba hutandazwa kwenye 121. Mchana nao ni mfupi kuliko wa Desemba kwa saa moja na robo hivi.

Mbona basi joto la Oktoba hushinda la Desemba? Mwishoni mwa Oktoba jua hupita utosini na mvua bado. Desemba mawingu hulifunika.

Kuna na milima. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kama nyuzijoto 6. Abiria anayeteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huvua koti njiani.

Saa saba kasorobo, jua likiwa juu kabisa, tulisimika fimbo uani. Kivuli kikalala kusini, kuelekea Msumbiji. Nikamwambia kwamba Desemba kitageukia kaskazini.

"Sasa mjomba, kwenye mtihani wa Septemba niandike lipi?"

Nikamwambia aandike la mwinamo. Ila kwanza amwombe mwalimu, kwa adabu, waisimike pamoja fimbo ile uwanjani pa shule.