Kutoka Spana Hadi Kalamu

Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliruka kutoka Birmingham kwenda Málaga. Ikiwa bado inapanda, kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kiling'oka, naye akavutwa nje hadi kiunoni. Wahudumu walimng'ang'ania miguu huku msaidizi wake akiitua ndege Southampton. Hakuna aliyekufa.

Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Aliyezifunga alichukua bolti ya zamani, akatafuta zinazofanana nayo kwa macho, bila kutumia katalogi ya vipuri.

Mweleze fundi wa ndege kisa hiki, atauliza bolti sahihi ilikuwa ipi. Mweleze mkaguzi wa ubora, atauliza ilikuwaje kazi ile ikapita bila jicho la pili. Jibu ni kwamba kioo hakikuwamo katika orodha ya sehemu nyeti ambazo lazima zikaguliwe na mtu mwingine. Msimamizi wa zamu, usiku, akiwa na watu wachache, alifanya kazi mwenyewe na kuitia sahihi mwenyewe. Kosa la bolti lilikuwa la usiku ule; mwanya katika mfumo ulikuwapo siku zote.

Fundi anayetoka kwenye sekta ya ndege kwenda kwenye ukaguzi wa ubora, yaani kutoka swali la kwanza hadi la pili, haendi mikono mitupu. Amekwisha kulelewa na sheria kwamba kazi isiyoandikwa haijafanyika, kila kipuri kina karatasi yake, na kila kifaa cha kupimia kina tarehe yake ya ugezi, yaani ya kuhakikiwa usahihi wake. Tena, kiwango cha AS9100 kinachotumika katika sekta hiyo kimejengwa juu ya ISO 9001, kiwango cha jumla cha usimamizi wa ubora. Kwa hiyo akiingia kwenye kiwanda cha mabomba au ghala la dawa, mashine atazikuta ngeni, lakini mifupa ya mfumo ataitambua.

Njia ya kawaida ni kuanza na ukaguzi wa ndani hapohapo kazini, katika idara isiyo yako, kwa sababu mtu hakagui kazi ya mikono yake. Baadaye huja kozi ya mkaguzi kiongozi, ambayo kwa kawaida huchukua siku tano, kisha kufuatana na wakaguzi wazoefu. Mwongozo wao ni ISO 19011, unaosisitiza mambo kama uhuru wa mkaguzi, usiri, na hoja zinazosimama juu ya ushahidi.

Kozi hujaza kichwa. Kazi kubwa ni kuutuliza mkono. Fundi akiona kasoro, mkono huwahi spana. Mkaguzi akifanya hivyo amejiharibia, kwani kesho atakuwa anakagua suluhisho lake mwenyewe, na mwenye karakana hatajua mwanya wake uko wapi. Kama kuna hatari ya papo hapo, humwambia mwenye karakana palepale. Vinginevyo huandika alichokiona, alikiona wapi, na ni takwa gani halikutimizwa. Kisha humwachia mkaguliwa atafute chanzo, na hurudi kuangalia kama mwanya umezibwa.

Bolti 84 zingebadilishwa kwa asubuhi moja. Orodha ile isingebadilika mpaka mtu aulize kwa nini kioo hakimo.