Sura ya Sita: Kumpata Mshauri Aliye Karibu

Mgonjwa wa sonona katika miji yetu huwa na faili nene kabla hajafika kwangu. Ndani yake mna majibu ya malaria, tena si ya mara moja, majibu ya taifodi, ya vidonda vya tumbo, na pengine ya kipimo cha moyo. Ameambiwa ni presha, ameambiwa ni uchovu, amepewa vidonge vya tumbo akavimaliza. Maumivu anayoeleza ni ya kweli: kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio usiku, miguu inakufa ganzi, mwili unawaka moto. Hakuna aliyemuuliza anapata usingizi saa ngapi na anaamka akiwaza nini. Nje ya faili kuna safari zisizoandikwa popote: kwa shangazi, kwenye mkesha wa maombi, kwa mganga aliyemwambia katumiwa jini na jirani, na kwenye duka la dawa alikouziwa diazepam bila cheti ili angalau alale.

Safari hizo ndizo zilizonifanya niandike sura hii. Watu husema wataalamu hawapo, na ni kweli kwamba ni wachache mno. Lakini wengi wa wanaosema hivyo wameshapita mbele ya mlango wa mtaalamu bila kujua. Hospitali zote za rufaa za mikoa Tanzania Bara, na nyingi za wilaya, zinapaswa kuwa na huduma ya afya ya akili, hata kama ni chumba kimoja chenye muuguzi aliyesomea fani hiyo. Mara nyingi chumba hicho hicho ndicho kinachotoa dawa za kifafa, kwa hiyo katika benchi la kusubiri utakuta mama na mtoto wake wa kifafa, mwalimu aliyekosa usingizi na kijana anayesikia sauti, wote kwenye foleni moja. Anayekuona umekaa pale hawezi kujua umefuata nini.

Najua kinachowazuia watu wasikae kwenye benchi hilo. Kwa Tanzania kinaitwa Mirembe. Hospitali hiyo ya Dodoma, iliyojengwa enzi za Waingereza, imegeuzwa tusi: ukimkasirikia mtu unamwambia aende Mirembe, kama Mkenya anavyosema Mathari na Mzanzibari anavyosema Kidongo Chekundu. Hospitali tatu zinazotibu maelfu ya watu wakarudi makwao zimekuwa majina ya kumtishia mtoto. Na historia haikusaidia. Lutindi, kule milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Kwa miaka mingi huduma ya akili ilimaanisha kumweka mtu mbali na wenzake, na babu zetu waliona hivyo kwa macho yao. Leo walio wengi wanaohitaji msaada hawahitaji kulazwa hata usiku mmoja. Wanahitaji kiti, mlango unaofungwa na mtu aliyefundishwa, kwa saa moja hivi kila wiki, kwa wiki kadhaa.

Kuhusu majini sitazunguka. Anayekwenda kwa shehe wake au mchungaji wake kuombewa na kufarijiwa, sina ugomvi naye. Imani imewashika wengi wasianguke, na viongozi wa dini wenye busara huwaleta waumini wao hospitalini wenyewe. Ninaowapinga ni wanaomfunga mgonjwa mnyororo kwenye mti, wanaomshindisha njaa ili pepo atoke, wanaomwamuru aache dawa za kifafa kwa kuwa ameshapona kwa jina la fulani. Nimeona makovu ya minyororo kwenye vifundo vya mikono ya wasichana. Kosa lao lilikuwa kuugua. Mtu asiyelala siku tatu, anayezungumza bila kikomo na kugawa mali ya familia, ana ugonjwa unaojulikana, una jina, una dawa, na kila wiki anayokaa kwa mganga ni wiki ambayo ugonjwa unazidi kuota mizizi.

Upuuzi wa kisasa hauna minyororo, lakini nao unapoteza watu. Siku hizi kila mwenye simu na taa nzuri ni mtaalamu wa mahusiano. Makocha wa maisha wanauza semina za ukumbini ambako mtu aliyefiwa anaambiwa ajipende kwanza, afute watu hasi, aamke saa kumi alfajiri. Wengine wanatangaza kwamba kila aliyewahi kuudhiwa ana kiwewe na kila mume mkali ana ugonjwa wa nafsi. Ukubwa wa ukurasa wa mtu hauonyeshi amesoma nini. Sonona ya kweli humnyang'anya mtu nguvu ya kuinuka kitandani. Kumwambia ajitume ni kumwongezea hatia juu ya ugonjwa.

Nilikusudia sasa nieleze kwa utaratibu nani ni nani. Kwa ufupi basi: daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba aliyeendelea na masomo, na huandika dawa, mwanasaikolojia tiba hupima na kutibu kwa mazungumzo, mshauri nasaha amesomea kumsaidia mtu kuupitia mgogoro wake, muuguzi wa afya ya akili na afisa ustawi wa jamii hufanya sehemu kubwa ya kazi hii mikoani. Wasomaji wengi wakishayajua haya huanza kumtafuta bingwa tu, na wasipompata hukata tamaa. Hapo inanibidi niuache mpangilio wangu niwapeleke Harare.

Mwaka 2005 daktari bingwa wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Binti huyo alitakiwa arudi hospitalini, lakini familia haikuwa na nauli ya basi, kama dola 15. Chibanda alikuwa mmoja wa mabingwa wachache kabisa katika nchi nzima. Mwaka uliofuata, kitongojini Mbare, hakupewa chumba wala wauguzi. Alichopata ni bibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea, na uwanja nje ya zahanati. Akawafundisha, akaweka mabenchi ya mbao chini ya miti. Benchi lilipoitwa la afya ya akili, watu hawakulikalia. Bibi wenyewe wakataka liitwe benchi la urafiki, na watu wakaja.

Tazama bibi anavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye somo. Kwanza anauliza maswali 14 kuhusu wiki iliyopita: je, ulikuwa ukiwaza sana, ulishindwa kulala, uliota ndoto za kutisha, ulikasirikia vitu vidogo, ulisikia kulia, kazi zilikulemea, ulifikiria kujiua? Maswali hayo yaliundwa kutokana na namna Washona wa huko Zimbabwe wanavyoyataja mateso yao, na jambo la kwanza kabisa wanalolitaja ni kuwaza sana. Mswahili naye akiugua sonona husema ana mawazo. Majibu yakionyesha hatari, bibi hakai na mgonjwa peke yake. Anampandisha kwa msimamizi wake. Kama si hatari, anamwacha ataje matatizo yake yote, hata kama ni tisa: mume, karo, virusi vya UKIMWI, mwenye nyumba. Kisha anamwomba achague moja tu. Hamchagulii. Wanatafuta pamoja njia za kulikabili hilo moja, mgonjwa anachagua njia, anasema ataanza siku gani na kwa hatua ipi, na wiki inayofuata anarudi kueleza ilikwendaje. Vikao ni sita. Baada ya hapo anakaribishwa kwenye kikundi cha waliopitia benchi, ambako watu huzungumza huku wakisuka mifuko.

Kazi hii ilipimwa kwa uangalifu katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa na bibi walikuwa karibu asilimia 14. Kati ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa walikuwa karibu nusu. Benchi limefika Zanzibar pia. Na kwetu huku kuna ushahidi wa aina hiyo hiyo: Dagoretti, Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa mbinu ya Shirika la Afya Duniani yenye vikao vitano waliwapunguzia mateso wanawake waliofanyiwa ukatili, na huko Moshi na Bungoma washauri wasio na shahada ya saikolojia walifundishwa kuwahudumia watoto waliofiwa na wazazi.

Asije mtu akasema nimefundisha kwamba bibi yeyote anatosha. Shangazi yako ana mapenzi, lakini hakufundishwa, hana msimamizi, na atakuamulia kabla hujamaliza sentensi. Bibi wa Harare amefundishwa, ana utaratibu, na yuko mtu wa kumuuliza anapokwama. Mambo hayo matatu ndiyo unayoyatafuta kwa mshauri yeyote, awe wa hospitali ya serikali au wa ofisi yenye kiyoyozi Masaki. Kwa hiyo muulize bila haya: umesomea wapi na umesomea nini? Unasimamiwa na nani? Watu wenye tatizo kama langu unawasaidia kwa njia gani, na kwa kawaida huchukua vikao vingapi? Bei ni ngapi, na nikishindwa kulipa? Mshauri wa kweli hujibu maswali haya kwa utulivu. Anayekasirika, anayekuahidi utapona kwa kikao kimoja, au anayekutaka ulipe kifurushi cha miezi sita siku ya kwanza, muage. Daktari Tanzania Bara lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi na baraza lake. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayowahusu washauri na wanasaikolojia moja kwa moja, na ni haki yako kuuliza cheti.

Kikao cha kwanza huwashangaza watu kwa sababu wanatarajia hukumu. Mwanamke anauliza, "Daktari, nimwache au nisimwache?" Mimi namuuliza usiku wa jana ulikwendaje. Anaona kama namkwepa. Lakini mtu asiyelala wiki tatu hapaswi kuamua jambo la maisha yake yote, na kazi yangu ya kwanza ni kumrudishia usingizi, chakula na walau jambo moja dogo alilokuwa akilipenda: kwenda kwaya, kufuma, kumtembelea dada. Sonona humfanya mtu aache mambo hayo, na kuyaacha huilisha sonona. Tunaanza kuikata hapo, kwa saa na siku iliyoandikwa kwenye daftari. Maamuzi yatakuja, naye atayafanya mwenyewe. Na pale ambapo dawa inahitajika, ujue kwamba dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na hazimfanyi mtu zezeta. Kuziacha ghafla kwa sababu umejisikia nafuu ndiko kunakoharibu.

Siri ni haki yako, na ina mipaka unayopaswa kuelezwa siku ya kwanza: maisha yako yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhuriwa, mshauri atawahusisha wengine. Nalisema wazi kwa sababu wako wanaoficha mawazo ya kujiua wakiogopa polisi. Hofu yao ina msingi: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinakiuka katiba, na sisi tunapaswa kufuata njia hiyo. Lakini kuwa na mawazo ya kujiua si kosa mahali popote, na kumwambia mtaalamu si kujishtaki. Ukiwa na mawazo hayo leo, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali yoyote iliyo wazi, sehemu ya dharura, na mtu wa kukusindikiza. Walio Kenya wanaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo. Tanzania, kwa jambo la mtoto, ni 116.

Kwa wengine wote, utaratibu ni huu. Fika mapokezi asubuhi, kwani kliniki nyingi za wilaya huwa na siku maalumu. Huna haja ya kueleza shida yako kwenye dirisha mbele ya watu, sema tu, "Naomba kujua kliniki ya afya ya akili ni siku gani na chumba namba ngapi." Wakikwambia haipo, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, umuulize rufaa ya karibu ni wapi. Beba ile faili nene, na dawa zote unazotumia pamoja na makopo yake, zikiwemo za mganga na zile za dukani. Ukikuta mshauri ambaye baada ya vikao vitatu bado huwezi kumweleza la moyoni, mwambie hivyo, naye akupe jina la mwingine. Hatukasiriki, tunafundishwa kufanya hivyo.