Ugonjwa wa Selimundu: Baba Naye Apimwe

Ninyi mnaokaa milimani Lushoto, na ninyi jamaa zao mlioshuka Korogwe, Muheza na Tanga kutafuta kazi, huenda mmepata kumwona mtoto wa namna hii. Anazaliwa mzima. Akifika miezi sita hivi, vidole vya mikono na miguu vyavimba, analia usiku kucha, macho yanageuka manjano, damu yampungukia kila mara. Mmoja husema amerogwa. Mwingine husema ukoo wa mama yake una laana. Akizikwa mtoto wa pili mwenye dalili zilezile, mama hurudishwa kwao na mizigo yake. Leo twataka kusema na akina baba hasa.

Ugonjwa huo ni selimundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za duara na laini, hujikunja kama mundu wa kukatia majani, zikakwama katika mishipa myembamba. Maumivu hutoka hapo. Kinachozikunja ni hemoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachobeba hewa safi kutoka mapafuni. Hemoglobini ya kawaida imepewa herufi A, na ile ya mundu herufi S. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hizo mbili hazisafiri sawasawa zikipitishiwa umeme. Mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Uingereza, akaeleza sababu yake: katika mnyororo wenye viungo 146, kiungo kimoja tu kimebadilika. Kimoja!

Sasa, kila mtu hupokea herufi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye AA hana neno. Mwenye AS ni mzima, analima, anazaa, na pengine hufikia uzee asijue anabeba nini. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Basi hesabuni wenyewe: mtoto wa SS amepata wapi S ya pili? Mama hana mbili za kumpa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS. Wala msidhani kwamba akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu yake upya.

Lakini herufi hizo huonekanaje? Ziko njia kadhaa, na mojawapo wataalamu huiita aisoelektriki fokasi. Jina ni gumu, kazi yake si ngumu kuielewa. Fikirini basi linalopanda kutoka Mombo. Mmoja atashuka Soni, mwingine ataendelea hadi Lushoto. Aliyepitiwa na usingizi akapita kwake, itambidi arudi. Mpimaji hutandaza ute ulioganda, mfano wa uji wa muhogo uliopoa. Upande mmoja ni mchachu kama ndimu, upande wa pili una ukali wa magadi, na katikati hali hubadilika hatua kwa hatua. Tone la damu likiwekwa na umeme ukiwashwa, kila hemoglobini hushika njia, hata ifike mahali ambapo nguvu yake ya umeme imekwisha. Hapo husimama. Ikisogea mbele, umeme huirudisha. A husimama karibu zaidi na upande wa uchachu; F, hemoglobini ya watoto wachanga, ni jirani yake; na S huwa mbele kidogo kuelekea magadi. Mpimaji huona mistari myekundu, akaisoma. Kweli, abiria wawili huweza kushuka kituo kimoja, maana ziko hemoglobini nyingine adimu zinazosimama karibu na S. Kwa hiyo majibu ya ugonjwa yafaa kuthibitishwa kwa kipimo cha pili.

Faida yake ni kubwa. Kipimo cha zamani cha kutazama chembe zikijikunja chini ya hadubini hakiwezi kumtenga AS na SS, na kwa mtoto mchanga F huficha mambo. Tena tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi maalumu husafirishwa mbali bila kuharibika. Nchini Uganda, tangu mwaka 2014 hadi 2015, watoto karibu 98,000 walipimwa hivyo Kampala, na kila 100 walionekana wapatao 13 wenye AS. Kwetu, hospitali ya Bugando, Mwanza, ilipima matone ya watoto 17,200 wa kaskazini-magharibi. Taarifa yake ya mwaka 2018 yasema wenye AS walikuwa kama 20 katika kila 100.

Watu wa milimani hupenda kusema kwamba huu ni ugonjwa wa bondeni. Wana sehemu ya ukweli. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi Afrika Mashariki, alieleza kwamba AS humkinga mtoto asiuawe na malaria, na kwa sababu hiyo S imeenea kwenye mbu wengi. Na uchunguzi wa Usambara uliotolewa mwaka 2003 uliona kwamba maambukizo ya malaria hupungua zaidi ya mara 1,000 ukipanda kutoka bondeni hadi vijiji vya juu. Lakini tangu siku za mashamba ya katani watu wamekuwa wakishuka na kupanda, wakioa na kuolewa. Damu haikubaki Mombo ikingoja.

Mtoto akigunduliwa mapema, hupewa penisilini hadi umri wa miaka mitano, chanjo, kinga ya malaria, na dawa ya haidroksiurea kadiri daktari anavyoona. Ulizeni hospitali yenu sampuli hupelekwa wapi. Kama mtoto ameongezewa damu karibuni, semeni kabla ya kupimwa, maana A ya aliyemtolea damu itaonekana kana kwamba ni yake. Karatasi ya mtoto mchanga huandikwa FA kwa mzima, FAS kwa mwenye kubeba, na FS kwa yule anayehitaji kurudishwa kwa daktari upesi. Itunzeni pamoja na kadi ya kliniki, na majibu ya baba yawekwe humo humo.