Unajipanga na GRE? Wacha Kumeza Kamusi, Soma Msamiati Hivi

Wasee wengi wanaotaka kusomea masters Marekani huingiwa na baridi wakiskia GRE, mtihani ambao baadhi ya vyuo huko bado huitisha. Noma iko kwa Kizungu ngumu. Kuna swali linakupa sentensi yenye pengo na maneno 6. Unachagua mawili yanayoipa maana ileile. Ukipata moja pekee, hiyo ni sufuri.

Kwa hivyo usikariri neno mojamoja. Yapange kifamilia: garrulous na loquacious ni mtu anapiga domo bila breki, laconic na taciturn ni yule hana story mob. Tungia mabeshte zako sentensi, rudia kesho, kisha wiki ijayo. Na usiwache swali wazi: ukibahatisha ukose, hukatwi maksi.