Majivu, Maziwa na Gugumaji: Sayansi ya Masika Kibuye

Mvua za masika zikishika, kati ya Machi na Mei, soko la Kibuye mjini Kisumu hujaa majani mabichi. Mboga zilizouzwa kwa bei kali wakati wa kiangazi cha Januari sasa hupangwa chini kwa mafungu makubwa: osuga, ambayo wengine huiita managu, dek, yaani saga, apoth, ambayo ni mrenda, boo, yaani kunde, na mitoo. Jumapili, siku kuu ya soko, akina mama hufika na magunia kutoka vijijini, na mnunuzi mwenye pesa kidogo hurudi nyumbani na kikapu kilichojaa.

Huu ndio msimu mwafaka wa kujifunza mapishi ya gharama ndogo na kazi za mikono zisizohitaji mtaji. Mbinu ambazo wauzaji wa Kibuye humweleza mteja bila malipo zimesimama juu ya kemia na fizikia ya kweli. Anayejua sababu ya mbinu hujua pia kipimo chake, na hujua wapi aache.

Maji ya majivu

Majani ya kunde na mitoo ni magumu. Kuta za seli zake zimeshikanishwa na pektini, gundi ya asili ambayo maji matupu huilegeza polepole. Ndiyo maana mapishi ya eneo hili hutumia magadi, au maji ya majivu ambayo Waluhya huyaita musherekha.

Hutengenezwa hivi. Choma maganda makavu ya maharagwe mpaka yawe majivu, kisha uyachekeche. Toboa matundu madogo chini ya mkebe, tia majivu, umimine maji safi kidogo kidogo, na ukinge yanayodondoka yakiwa na rangi ya chai. Majivu ya mimea yana potasiamu kaboneti kwa wingi. Chumvi hiyo huyeyuka ndani ya maji na kuyafanya kuwa alkali. Alkali huvunja pektini, mboga ikaiva upesi, na makaa yakabaki kwa ajili ya ugali.

Kazi yake ya pili huonekana kwa macho. Rangi ya kijani ya jani hutoka kwa klorofili, ambayo katikati yake kuna magnesiamu. Jani likipashwa moto, asidi zake humwagika kutoka kwenye seli na kuing'oa magnesiamu hiyo, na mboga hugeuka rangi ya kaki. Maji ya majivu huzimua asidi hizo, hivyo kunde hutoka jikoni ikiwa na ukijani uleule iliokuwa nao sokoni.

Faida hizi zina gharama. Alkali huharibu vitamini C na vitamini B1, na kadiri unavyoongeza ndivyo hasara inavyozidi. Kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa sufuria ya familia vinatosha, tena kwa mboga ngumu pekee. Mchicha na majani mengine laini hayahitaji hata tone. Yahifadhi maji hayo kwenye chupa, kwa kuwa alkali hula alumini ya sufuria. Usitumie majivu ya jiko lililowashwa kwa plastiki au kwa mbao zilizopakwa rangi, kwa sababu sumu zake huweza kubaki ndani ya majivu.

Maziwa huondoa uchungu

Osuga na dek ni chungu, na watoto wengi huzikataa kwa sababu hiyo. Uchungu wa dek hutokana kwa sehemu na kemikali zenye salfa za jamii ileile inayoipa haradali ukali wake. Mmea huzitengeneza ili kujikinga na wadudu.

Wapishi wa Kiluo huushughulikia uchungu huo kwa maziwa. Chambua majani na uondoe vijitunda vibichi vya osuga, kwani vina solanini, sumu inayopatikana pia katika viazi vilivyogeuka kijani. Osha, kisha chemsha kwa maji kidogo kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Chuja, kaanga kitunguu na nyanya, rudisha mboga, mimina maziwa na uache itokote polepole. Wengi huilaza hadi kesho yake na kuipasha tena, na ladha huwa tulivu zaidi.

Protini za maziwa hushikana na baadhi ya kemikali chungu, ulimi ukazihisi kwa uchache. Mafuta ya maziwa nayo husaidia mwili kufyonza beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mboga hiyo ikichemshwa bila mafuta yoyote, sehemu kubwa ya beta-karotini hupita tumboni bila kutumika.

Hapa pia kuna mpaka. Joto la Kisumu huwapa bakteria nafasi ya kuongezeka haraka, kwa hiyo mboga yenye maziwa ichemshwe sawasawa kila asubuhi na jioni, isipashwe juu juu tu. Limau, ambalo vitamini C yake husaidia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye majani, likamuliwe mezani. Ukilikamua ndani ya sufuria, asidi yake itagandisha maziwa na kufifisha ule ukijani.

Gugumaji kuwa kikapu

Kutoka Kibuye si mbali kufika ziwani, na huko kuna malighafi isiyonunuliwa. Gugumaji lilitoka bonde la mto Amazon, Amerika Kusini, likasambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, likizuia mitumbwi na kufunga fuo. Fukusi wa jamii ya Neochetina walioachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997 walisaidia kulipunguza, lakini mbegu zake hudumu miaka mingi kwenye matope na gugu limekuwa likirudi.

Bua lake limejaa vyumba vya hewa vinavyolifanya lielee. Likikauka, vyumba hivyo hubonyea na kuacha nyuzi nyepesi zinazosukika vizuri. Chagua mabua marefu, kata majani na mizizi, osha na uanike. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, hivyo kilo kumi mbichi hutoa chini ya kilo moja ya kusuka. Wakati wa masika, yaanike chini ya paa la mabati, juu ya chanja, na uyageuze kila siku, la sivyo yataota ukungu. Kabla ya kusuka, yalowanishe kidogo yasivunjike. Suka ukili wa nyuzi tatu, uzungushe kuanzia katikati, na kila mzunguko uushone kwa uzi imara na ule wa kabla yake. Ukiendelea hivyo utapata mkeka wa meza. Ukiinua kingo, utapata kikapu.

Gugumaji hufyonza metali nzito kama risasi kutoka kwenye maji machafu ya mji. Kikapu hicho kifae nguo, vitabu au vyombo, kisibebe chakula kisichofungwa. Usiingie ziwani mwenyewe kuchuma, maana penye magugu huwa na konokono wa kichocho, nyoka na hata viboko. Nunua mabua kwa wavuvi wanaoyajua maji.

Mbinu iliyokosa msimu

Watu wengi husifu friji ya vyungu viwili, ambayo mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliiendeleza mwaka 1995. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, mchanga wenye maji kati yao, na maji yakigeuka mvuke hubeba joto. Ni kifaa kizuri, ila huhitaji hewa kavu. Masika hewa ya Kisumu ina unyevu mwingi, mvuke hautoki upesi, na mboga haipoi vya kutosha. Kiunde sasa ukitaka, lakini kitegemee Januari na Februari.

Tukirudi kwenye mboga, Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), amezitafiti hizi za kienyeji tangu miaka ya 1990, wakati wengi walizidharau kama chakula cha maskini au magugu ya shambani. Mwaka 2014 alitunukiwa Medali ya Edinburgh. Kazi yake inatukumbusha kwamba ujuzi wa wakulima na wapishi unastahili kupimwa kwa uzito uleule tunaowapa wataalamu wa maabara. Walimu wa sayansi wa Kisumu wanaweza kuanza muhula huu kwa mkebe wa majivu, fungu la kunde na sufuria mbili, moja yenye musherekha na nyingine bila. Wanafunzi wapime dakika za kuiva, walinganishe rangi, waandike matokeo. Vifaa vyote vinapatikana Kibuye, na wakati wa masika ndipo vinapokuwa rahisi zaidi.