Saumu ya kwenye kitalu nyumba: piga hesabu kabla ya kununua nailoni

Bei ya vitunguu saumu huvutia, na baadhi ya wawekezaji wadogo wa mijini hufikiria kutia akiba zao katika kilimo cha zao hilo ndani ya kitalu nyumba. Hesabu haiwaungi mkono.

Kwanza, saumu ni zao la baridi. Ndiyo maana Mbulu na Lushoto hulima, Dar es Salaam hununua. Mmea usipopata ubaridi wa kutosha mwanzoni, punje haigawanyiki. Mkulima huvuna majani na kijitunguu cha punje moja. Kitalu nyumba huongeza joto, yaani hufanya kinyume cha kinachotakiwa.

Pili ni nafasi. Chukua kitalu cha mita 8 kwa 15. Ukitoa njia, tuseme zinabaki mita za mraba 80 za kupanda. Kwa nafasi ya sentimita 10 kwa 20, hiyo ni mimea 4,000. Kila punje hutoa kitunguu kimoja tu. Hata kila kimoja kikifika gramu 40, mavuno ni kilo 160, tena baada ya miezi minne au zaidi. Kama kitunguu kina punje 10, kilo 16 kati ya hizo zitarudi ardhini kuwa mbegu. Zidisha zilizobaki kwa bei ya jumla ya Kariakoo wiki hii, kisha linganisha na gharama ya nailoni, nguzo na mipira ya maji. Nyanya na pilipili hoho, zinazochumwa mara kwa mara kwa majuma mengi, ndizo zinazoweza kubeba gharama hiyo.

Ndoo na viroba vina hesabu nyingine, hasa kwa aliye nyanda za juu. Kuna ukungu unaoozesha mizizi ya saumu, ambao ukishaingia shambani huweza kukaa udongoni miaka 20. Anayezalisha mbegu kwenye viroba vyenye udongo safi huukwepa. Chombo kiwe na kina cha sentimita 20 au zaidi na matundu chini. Punje ipandwe ncha juu, maji yakatishwe majuma mawili kabla ya kung'oa. Saumu ya dukani kutoka China, nchi inayoongoza kwa uzalishaji duniani, isifanywe mbegu: mara nyingi haikuzoea urefu wa mchana wa huku, na huweza kuleta magonjwa.

Kwa mwenye mtaji asiye na shamba, faida iko ghalani. Saumu iliyokauka vizuri hukaa miezi kadhaa, hivyo anayenunua wakati wa mavuno anaweza kusubiri bei. Ila abonyeze shingo ya kitunguu kabla ya kupima: ikiwa bado laini, analipia maji, na uzito utampungukia ghalani kwake.