Shujaa Aliyeitaka Enzi: Utangulizi wa Tanzia kwa Msomaji wa Mishamo

Huenda umewahi kuambiwa kwamba tanzia za kale ni mali ya vyuo vikuu, na kwamba anayetaka kuzisoma sharti kwanza ajue Kigiriki, au angalau Kiingereza cha miaka mia nne iliyopita. Usiamini. Macbeth ya William Shakespeare tunayo kwa Kiswahili tangu mwaka 1968, S. S. Mushi alipoitafsiri kwa jina la Makbeth. Mtafsiri huyohuyo alitupatia Mfalme Edipode ya Sophocles mwaka 1971. Mwalimu Nyerere naye alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hebu litafakari hilo: mkuu wa nchi changa anachagua kutafsiri mchezo ambamo mtawala anauawa kwa sababu wenzake wanahofia atajifanya mfalme. Mlango umekwisha kufunguliwa, na waliotutangulia ndio walioufungua.

Tuanze na misingi. Tamthilia ni hadithi iliyotungwa ili iigizwe, watu wakisema na kutenda mbele yetu badala ya msimulizi kutueleza. Tanzia ni tamthilia inayomfuata mtu mwenye hadhi kutoka juu hadi kwenye maangamizi yake. Hapa wanafunzi wengi huuliza: basi kila kisa cha majonzi ni tanzia? Hapana. Basi likipinduka kwenye barabara ya kwenda Mpanda, huo ni msiba, na tunawalilia waliofariki. Lakini tanzia kwa maana ya wanafasihi inataka kitu cha ziada, nacho ni uamuzi. Mtu amesimama penye njia panda, anaziona njia zote mbili, kisha anachagua, na uchaguzi wake unazaa yote yanayofuata.

Aliyeliweka jambo hili wazi ni Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo. Alisema shujaa wa tanzia asiwe malaika, kwa kuwa kuangamia kwa asiye na doa kunatuchukiza tu. Asiwe pia shetani, kwa kuwa kuangamia kwa mwovu kunaturidhisha. Awe mtu wa katikati, mwenye sifa njema, anayeangushwa na hamartia. Neno hilo la Kigiriki ndilo msamiati wa kwanza wa fani hii: ni kosa la msingi la mhusika, linalotokana na hukumu yake mwenyewe na si bahati mbaya. Kosa hilo hutofautiana. La Edipode si uchu wa madaraka, maana ufalme anao tayari. Ni hasira na haraka ya kuhukumu. Brutus katika Juliasi Kaizari anamuua rafiki yake kwa hofu ya atakavyokuwa kesho, si kwa alichotenda leo. Ukitaka kuuona uchu wa madaraka wenyewe, ukiota na kukua mbele ya macho yako, nenda kwa Macbeth. Ndiyo tanzia fupi kuliko zote za Shakespeare, iliyoandikwa yapata mwaka 1606, na ndiyo ninayompa mgeni kwanza.

Macbeth anapoingia jukwaani si mtu mbaya. Ni jemadari aliyetoka kuokoa ufalme wa Uskoti, na mfalme Duncan anampenda. Njiani anakutana na vikongwe watatu wachawi wanaomwamkia kwa vyeo vitatu: kimoja anacho tayari, cha pili kinamfikia muda mfupi baadaye, na cha tatu ni ufalme. Najua swali litakalokujia, kwa sababu hakuna darasa lisilouliza: kama wachawi walikwisha kutabiri, kosa lake ni lipi? Mtazame Banquo, jemadari mwenzake. Alikuwapo, aliyasikia maneno yaleyale, na yeye akaahidiwa kuwa baba wa wafalme. Hakumuua mtu. Isitoshe, wachawi hawakusema popote kwamba Duncan auawe. Waliutaja ufalme, kisu kilitoka kichwani mwa Macbeth. Nalisisitiza hili kwa sababu katika nchi yetu, hasa mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Msomaji wetu ana haki ya kusita anapokutana na vikongwe hawa. Lakini soma vizuri uone tamthilia yenyewe inampa nani mzigo wa damu.

Sasa tupige hatua. Msamiati wa pili ni uzungumzinafsi, yaani mhusika anapobaki peke yake na kusema yaliyo moyoni, sisi tukimsikia na wenzake wasimsikie. Mwishoni mwa tendo la kwanza (tendo ni mgawanyo mkubwa wa tamthilia, na onyesho ni mgawanyo mdogo ndani yake), Duncan amefika kulala nyumbani kwa Macbeth, na mwenyeji ametoka mezani peke yake. Anahesabu sababu za kutoua. Duncan ni ndugu yake. Duncan ni mfalme wake. Duncan ni mgeni wake, na mwenyeji anapaswa kumfungia mlango muuaji, si kushika kisu mwenyewe. Tena ni mtawala mpole asiye na lawama. Upande wa pili wa mizani kuna nini? Uchu tu, na yeye mwenyewe anakiri hivyo. Mke wake anapoingia, Macbeth anamwambia waliache jambo hilo. Amekwisha kushinda! Ingeishia hapo, tusingekuwa na tanzia. Lakini mkewe anaugusa uanaume wake, na dakika chache baadaye amekubali.

Hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wakae muda mrefu kuliko mahali pengine. Tumezoea kufikiri kwamba uchu humpofusha mtu asione ubaya. Macbeth anauona ubaya wote, tena kwa ufasaha kuliko sisi, na anakwenda. Ufisadi wa nafsi unaoonyeshwa hapa hauanzi kwa ujinga. Unaanza kwa mtu kujizoeza kutojisikiliza.

Zoezi hilo tunaweza kulifuata mauaji kwa mauaji. Duncan anauawa kwa mkono wa Macbeth mwenyewe, baada ya mateso ya moyo, na baadaye muuaji anatetemeka hata hawezi kurudisha visu alikovitoa. Banquo anauawa na watu wa kukodi. Macbeth hajadiliani tena na nafsi yake; anachofanya ni kuwashawishi wauaji, na mkewe, aliyekuwa mshauri wake, hamwambii kitu. Mauaji ya tatu ni ya mke na watoto wa Macduff, mkuu mmoja aliyekimbilia Uingereza. Safari hii hakuna mjadala wowote. Macbeth ameazimia kwamba lolote litakaloujia moyo wake, mkono ulitende papo hapo. Na wanaokufa hawamzuii njia ya enzi, wala kifo chao hakimwongezei kitu. Kila mara woga wake wa kupoteza ni mkubwa zaidi, na muda wa kufikiri ni mfupi zaidi. Aristotle anatupa maneno mawili ya kuyataja yanayofuata: mgeuko, yaani mambo kupinduka kinyume cha alivyotarajia mhusika, na utambuzi, yaani wakati mhusika anapokijua alichojifanyia. Macbeth anatambua. Anasema wazi kwamba heshima, upendo na marafiki wa uzeeni hatavipata. Utambuzi huo unakuja wakati hauwezi tena kumsaidia.

Linganisha na watawala wa tamthilia zetu. Mtemi Bokono wa Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia na Meya Sosi wa Mstahiki Meya ya Timothy Arege tunawakuta dhuluma yao imekwisha kukomaa. Waandishi hao wanataka tuuone utawala uliooza na watu wanaoupinga, na wanafanikiwa. Lakini hawatuonyeshi siku ile Bokono au Sosi alipokuwa bado anaweza kusema hapana. Kwangu mimi huo ni ubora wa Makbeth, ingawa najua wapo wanaoona kwamba muda mwingi mno umetumika moyoni mwa muuaji.

Na hapa nakuja kwako wewe unayesoma ukiwa Mishamo, kwa sababu hoja yao ni nzito zaidi huko. Makazi yenu yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu walioikimbia Burundi mwaka 1972. Wengi wao, pamoja na watoto na wajukuu, walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki (anthropolojia ni elimu ya namna watu wanavyoishi na kuyapa maisha yao maana) alifanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995. Aliwakuta wazee wakiisimulia historia ya Burundi kwa namna ya mafunzo, uovu umesimama upande mmoja na waliodhulumiwa upande mwingine. Simulizi ya namna hiyo ina kazi yake, na aliyenusurika hadaiwi na mtu yeyote kumwonea huruma aliyemwinda. Ila ujue kwamba tanzia ni utanzu mwingine. Yenyewe huweka wema na uovu ndani ya kifua kimoja na kututaka tutazame.

Jaribu lipo la kuichukua historia hiyo na kuigeuza Makbeth. Michel Micombero alikuwa kapteni wa jeshi. Julai 1966 mwana wa mfalme, Charles Ndizeye, alimwondoa baba yake Mwambutsa IV, na Micombero akawa waziri mkuu. Novemba mwaka huohuo, kijana huyo, sasa Mwami Ntare V, akiwa safarini Kinshasa, waziri mkuu wake alimpindua na kutangaza jamhuri. Micombero alikuwa na miaka 26. Machi 1972 Ntare alirejeshwa kutoka Uganda, baada ya Idi Amin kupewa ahadi kwamba kijana ataishi salama kama raia wa kawaida. Mwisho wa Aprili aliuawa Gitega. Siku hizohizo uasi ulizuka kusini na watu wakauawa. Utawala ukajibu kwa miezi ya mauaji yaliyowalenga Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Makadirio ya waliouawa ni kati ya laki moja na laki tatu. Mwaka 1976 Micombero naye alipinduliwa na Jean-Baptiste Bagaza, akafia uhamishoni Mogadishu mwaka 1983. Jemadari, mfalme kijana, ahadi ya usalama iliyovunjwa, damu, anguko: kila kitu kinaonekana kimejipanga.

Nakusihi usikubali haraka. Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa Kinjeketile ya mwaka 1969, alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, si yule wa Vita vya Maji Maji mwenyewe. Macbeth pia alikuwapo kweli, mfalme wa Uskoti kuanzia 1040 hadi 1057, na Shakespeare alimbadilisha kupita kiasi. Uzungumzinafsi wa Micombero hatunao, na tukimtungia tutakuwa tumetunga. Tena tanzia ina udhaifu ambao mwalimu mkweli lazima autaje: inapenda kueleza maafa ya nchi nzima kwa moyo wa mtu mmoja. Mwaka 1972 walihitajika maofisa, vijana wa chama, watu wa kuandika orodha za majina na madereva wa malori. Uchu wa mtu mmoja haujibu kwa nini wale wengine walitii.

Hata hivyo kuna lango moja la kuingilia Makbeth ambalo msomaji wa Mishamo atalipita kwa urahisi kuliko msomaji wa London. Ni onyesho la tatu la tendo la nne. Wachambuzi wengi hulipita haraka kwa kuwa ni refu na Macbeth hayumo. Tuko Uingereza, miongoni mwa waliokimbia. Malcolm, mwana wa Duncan, anapokea mgeni kutoka nyumbani, Macduff, na hamwamini, kwani Macbeth amekwisha kutuma watu kumnasa kwa hila. Kwa hiyo anampima. Anajisingizia kwamba yeye akitawala atakuwa mzinzi asiyeshibika. Macduff anasema hilo litavumilika. Anajisingizia ulafi wa mali. Macduff anasema ni baya zaidi, lakini nalo litavumilika, nchi ina utajiri wa kutosha. Umeona kinachotokea? Uchu wa mtu mmoja umemfikisha hata mpinzani wake mwema mahali pa kupatana na uovu, mradi tu aliyepo aondoke. Kisha anaingia Ross, mkuu mwingine wa Uskoti, na habari za nyumbani, nazo ni za familia ya Macduff.

Anza hapo. Tafuteni wasomaji watatu, mmoja Malcolm, mmoja Macduff, mmoja Ross, msome kwa sauti, maana maneno haya yaliandikwa kwa ajili ya masikio. Sehemu fupi ya daktari wa mfalme inaweza kusomwa na yeyote. Mkimaliza, rudini tendo la kwanza na kuendelea hadi mwisho kwa mpangilio wake. Weka alama ya penseli kila mahali ambapo mtu angeweza kusema hapana na hakusema, ukianza na pale Macduff anapoumeza uovu wa kwanza wa Malcolm.